Kabla Hujamuua Bundi, Piga Hesabu Kwanza

Najua wengi wenu saa hizi mko bize na ghala kuliko shamba: maharage yameshaingia, mahindi yanamaliziwa kukauka, na kila mtu anasubiri bei ipande kidogo ndipo auze. Kwa hiyo leo sitaongelea mbolea wala mbegu. Nataka tuongelee viumbe wanaoishi na sisi shambani na ghalani, hasa wale tunaowaua bila kufikiri. Usicheke. Mwisho wa makala utaona ni suala la hela.

Juzi juzi nilipigiwa simu saa mbili usiku na kijana mmoja wa hapa Kihanga. Analima mahindi na maharage kwa ajili ya soko, na mavuno yake anayaweka kwenye nyumba ya zamani ya bibi yake.

"Bwana shamba, ghala langu limeingiliwa na bundi. Wako wawili. Bibi kasema hawezi kulala karibu na nyumba ile. Nyama ninayo, na ile dawa ya kupulizia ninayo. Nataka tu uniambie kipimo."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, usiweke kitu chochote. Nakuja asubuhi."

Nilifika mapema. Nikamsalimia bibi, shikamoo, akaitikia marahaba, halafu moja kwa moja akaniuliza kama nimekuja kumwondolea yule ndege. Nikamwomba anipe nusu saa na karai la maji.

Chini ya boriti walipokuwa wamekaa wale bundi kulikuwa na vidonge vyeusi vyeusi, vikubwa kama kidole gumba, vimejaa manyoya. Watu wengi hudhani ni kinyesi. Sivyo. Bundi humeza panya mzima mzima, kisha tumbo lake huyeyusha nyama na kubakiza mifupa na manyoya. Mabaki hayo huyatapika yakiwa yameviringika kama kidonge. Maana yake ni kwamba bundi anakuachia risiti ya kila alichokula.

Tuliokota vidonge kumi, tukaviloweka kwenye karai, tukavipasua kwa kijiti. Kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa anahesabu mafuvu, kayapanga kwenye ungo. Yakafika 27. Mafuvu 27 ya panya kutoka kwenye vidonge kumi tu, na pale chini kulikuwa na vidonge vingine vingi ambavyo hatukuvigusa.

Bibi aliyaangalia yale mafuvu kwa muda, akasema, "Kumbe anakuja kula."

Ndiyo, bibi. Anakuja kula.

Kwa nini tunamwogopa

Sitaki kumdharau mtu yeyote kwa imani yake. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye nyumba ambayo bundi akilia, mama anatoka nje na kijinga cha moto. Lakini tuangalie jambo lenyewe lilivyo.

Bundi anayekaa kwenye mapaa yetu mara nyingi ni yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Huyu halii kwa mlio ule wa taratibu tuliouzoea. Anapiga ukelele mkali, kama mtu aliyeumizwa. Makinda yake yanapumua kwa sauti ya kukoroma. Akiruka humsikii, kwa sababu kingo za manyoya yake ni laini na zinameza sauti ya upepo. Sasa fikiria uko gizani, kitu cheupe kinapita juu ya kichwa chako bila sauti yoyote, kisha kinapiga kelele. Lazima uogope.

Ukimya ule ndio silaha yake. Anawinda kwa masikio. Anaweza kumpata panya gizani kabisa kwa kusikia tu anavyotambaa kwenye majani. Na anakuja nyumbani kwako kwa sababu moja: kuna panya. Nyumba yenye nafaka ina panya, nyumba yenye panya itaita bundi. Ukimkuta bundi ghalani, swali la kujiuliza si nani kamtuma. Jiulize una panya wangapi.

Hesabu ya panya

Tuchukue kalamu. Panya wa nyumbani aliyekomaa hula gramu 20 hadi 25 za nafaka kwa siku. Tuseme ghala lako lina panya 20 tu, na unahifadhi mahindi siku 90 ukisubiri bei. Gramu 20 mara panya 20 mara siku 90 ni kilo 36. Ukichukua gramu 25 zinafika kilo 45. Hiyo ni karibu nusu ya gunia la kilo 100, imeliwa tu.

Lakini kuliwa ndiyo hasara ndogo. Panya anakojoa na kuacha kinyesi kwenye nafaka nyingi kuliko anayokula. Mnunuzi makini akiona kinyesi, anashusha bei au anaondoka. Halafu kuna ile mifuko isiyopitisha hewa, wengine wanaiita kinga njaa. Ni mizuri sana kwa wadudu kama dumuzi, kwa sababu wanakosa hewa wanakufa. Ila panya akitoboa tundu moja, hewa inaingia, na mfuko ule unakuwa sawa na kiroba cha kawaida. Umenunua kinga kwa bei ya juu, meno ya panya yameifuta kwa usiku mmoja.

Na hao 20 hawabaki 20. Panya shamba, yule mwenye chuchu nyingi anayekula mbegu zako zilizopandwa kabla hazijaota, anabeba mimba siku zipatazo 23 na anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa uzao mmoja. Mvua ikiwa nzuri na chakula kipo, baada ya miezi michache humjui bibi wala mjukuu.

Bundi mmoja mkubwa anakula panya watatu au wanne kwa usiku. Akiwa na makinda, wazazi wawili wanawinda usiku kucha. Hakuna kibarua utakayempata Kihanga anayefanya kazi hiyo kila usiku bila kudai posho.

Nisieleweke vibaya: hata panya si wote wa kulaaniwa. Kule Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa pale Morogoro, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Panya! Nakuambia haya ili tukubaliane jambo moja: kabla hujasema kiumbe fulani hana kazi, hakikisha umeuliza.

Kosa nililolifanya mimi

Yule kijana aliniuliza, "Kama ni hivyo, kwa nini nisiweke sumu ya panya, bundi nikamwacha?" Swali zuri. Na hapa nina deni langu la kulipa.

Miaka yangu ya kwanza kazini, kwenye kata nyingine, nilifundisha kikundi cha vijana kutumia sumu ya panya ghalani. Nikaeleza kipimo, nikaeleza wapi pa kuweka, nikaeleza kunawa mikono. Nikapanda pikipiki yangu nikaondoka nikijiona nimefanya kazi. Sikueleza habari ya mizoga. Baada ya wiki mbili hivi nikapigiwa simu: mbwa wa mzee mmoja amekufa akitoka damu puani. Paka watatu wa majirani nao hawaonekani. Msimu uliofuata pale mahali palikuwa na panya kuliko mwanzo, maana paka wamekwisha.

Nilienda kumwona yule mzee. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, ulitufundisha kuua. Hukutufundisha kufukia." Neno hilo sijalisahau.

Kilichotokea ni hiki. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani zinafanya kazi kwa kuzuia damu kuganda. Ini linatumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Sumu inaifunga kazi hiyo, panya anavuja damu ndani kwa ndani. Lakini hafi siku hiyo hiyo. Inachukua siku tatu hadi saba. Katika siku hizo bado anatembea, bado anarudi kula sumu ile ile, ini lake linazidi kujaa. Anakuwa mzito, anatoka mchana, hakimbii vizuri. Yaani anakuwa windo rahisi kuliko wote. Paka anamkamata, mbwa anamkamata, bundi anamkamata. Wanakula ini, wanakula sumu.

Mbwa akiwahishwa kwa daktari wa mifugo anaweza kupona kwa kupewa vitamini K1. Bundi hana wa kumpeleka kwa daktari.

Na ile njia aliyotaka kutumia kijana wangu, ya kuchanganya nyama na kiuatilifu cha kupulizia mazao, ni mbaya zaidi. Nyingi za dawa hizo zinapiga mishipa ya fahamu. Zinaua haraka na hazichagui: bundi, mbwa, kuku wa jirani, tai anayekuja kula mzoga, na mtoto aliyeokota kipande cha nyama. Dawa ile ilisajiliwa kuua wadudu kwenye mazao. Kuitumia kutegea wanyama ni kosa, na ukisababisha madhara kwa mtu hutakuwa na pa kujificha.

Popo, na somo la majirani zetu wa Uganda

Hapa nitagusa jambo zito kidogo, kwa sababu linatuhusu sisi wa Kagera moja kwa moja. Machi 2023 mkoa wetu ulipata mlipuko wa Marburg kule Bukoba. Januari 2025 ukarudi tena, safari hii Biharamulo. Watu wamekufa. Popo wa matunda anayekaa mapangoni ndiye anayejulikana kubeba virusi hivyo bila yeye kuugua. Tangu hapo kila nikifanya mkutano, kuna mtu atauliza: kwa nini tusiwachome popo wote tukamaliza?

Hofu hiyo naielewa. Lakini Waganda walishajaribu. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg. Baada ya hapo popo wa mgodi ule, maelfu kwa maelfu, wakauawa na matundu yakazibwa. Mwaka 2012 ugonjwa ukaibuka tena katika mji wa Ibanda, si mbali na mgodi. Watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wapya wamehamia, wachache kuliko wa zamani, lakini sehemu ya popo wenye virusi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanzo.

Maelezo ya watafiti ni kwamba ukiwaua popo wengi, nafasi inabaki wazi, wanaingia wageni wengi ambao hawana kinga. Virusi vinapata miili mipya ya kukaa. Ni kama kufyeka shamba lote halafu kushangaa magugu yanaota kwa kasi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiingie mapangoni na kwenye machimbo yenye popo. Usiwashike, usiwale. Tunda lililoumwa na popo usile, na osha matunda yote. Mtu akipata homa kali ya ghafla, wahini kituo cha afya. Lakini usiende kuwachoma. Waache walipo, nawe kaa ulipo. Popo wa matunda husambaza mbegu za miti na kuchavusha maua, na popo wadogo wanaokula wadudu wanamaliza nondo usiku, wakiwemo wale wanaotaga mayai ya viwavi kwenye mahindi yako.

Nyuki na kahawa yako

Wale wenye kahawa nisikilizeni vizuri. Sehemu kubwa ya kahawa ya Kagera ni robusta. Robusta ina tabia moja ambayo wakulima wengi hawaijui: mti haujichavushi. Chavua ya mti ule ule, au ya mti wa aina ile ile uliozalishwa kwa kikonyo, haitungi tunda. Lazima chavua itoke kwenye mti wa aina nyingine. Nani anaileta? Upepo, na wadudu, hasa nyuki. Wapo nyuki wa asali tunaowafahamu, na wapo wale wadogo wasiouma wanaokaa kwenye matundu ya miti na kuta za udongo.

Maua ya kahawa yanafunguka siku chache tu baada ya mvua. Ukipulizia dawa ya wadudu siku hizo, umewafungia mlango vibarua wako siku ya kazi yenyewe. Halafu mavuno yakipungua unasema ni ukame.

Mambo matatu ya kufanya:

1. Usipulizie dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Ikikulazimu kupulizia kitu kingine jirani na kahawa, fanya jioni nyuki wakisharudi mizingani, na upepo umetulia.
2. Ukipanda miche bora ya robusta, usipande aina moja shamba zima. Changanya. Waulize TaCRI pale Maruku, watakuelekeza aina zinazoendana.
3. Acha miti yenye maua pembeni ya shamba, na usiichome. Ukiweza, weka mizinga miwili mitatu mbali kidogo na njia ya watu. Asali nayo ni hela.

Na huyu uliyemfunga miguu?

Nimeongelea wanyama wa porini na wa darini. Sasa tuje kwa yule uliyemnunua mwenyewe.

Siku za mnada ukisimama barabarani utaona mbuzi wamefungwa miguu, wananing'inia kwenye pikipiki, vichwa chini, jua linawapiga. Kuku wamefungwa kumi kumi kama mafungu ya mchicha. Tumezoea, hatuoni tena.

Kwanza, sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Msingi wa ustawi wa wanyama duniani ni uhuru wa aina tano: mnyama asiwe na njaa na kiu, asikae kwenye mazingira ya kumtesa, asiachwe na maumivu, majeraha na magonjwa, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, na asiishi kwa hofu na dhiki.

Pili, hesabu ipo pia. Misuli ya mnyama ina akiba ya sukari. Akisafirishwa kwa mateso, hofu na kiu, anaitumia yote kabla ya kuchinjwa. Kwa kawaida, baada ya kuchinjwa, sukari hiyo inageuka kuwa asidi kidogo, nayo ndiyo inayofanya nyama iwe na rangi nzuri na ikae muda. Isipokuwepo, nyama inakuwa nyeusi, kavu, na inaharibika mapema. Sehemu zilizovilia damu zinakatwa na kutupwa. Hoteli inayolipa vizuri haitachukua nyama hiyo mara ya pili. Sisi wenye ng'ombe wa Ankole, watu wa Karagwe ambao hata wafalme wetu wa zamani walihesabu heshima yao kwa ng'ombe, tulipaswa kuwa walimu wa jambo hili, siyo wanafunzi.

Kuna mnyama mwingine anatufundisha hesabu hii vizuri: punda. Huku kwetu si wengi, lakini mikoa mingine ndiye gari la familia: anabeba maji, kuni na mazao. Miaka ya karibuni ngozi ya punda ikawa na soko kubwa China, kwa ajili ya dawa ya asili inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi hiyo. Punda wakachinjwa kwa wingi Afrika, wengine waliibwa usiku. Tatizo ni kwamba punda anabeba mimba mwaka mzima hivi, na anazaa mtoto mmoja. Hakuna namna uzazi huo ungeweza kushindana na machinjio. Desemba 2022 nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam kulijadili, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ngozi unaiuza mara moja. Punda hai anafanya kazi miaka mingi.

Ndivyo ilivyo hata pwani. Pale Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi, wageni wanalipa kupanda boti karibu na Kilindoni wakamwone papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Akivuliwa leo, ameliwa wiki hii. Akiwa hai anarudi msimu ujao na wageni wanarudi naye. Na sisi hapa tusijione tuko mbali: mwaka 2019 mapori yetu yalipandishwa kuwa Hifadhi za Taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Wageni wakija watahitaji mayai, ndizi, maharage na kahawa. Watanunua kwa nani kama si kwako?

Kwa hiyo tumia kipimo hiki rahisi. Kila unapotaka kuua kiumbe, jiulize mambo mawili: anakula nini, na anazaa kwa kasi gani? Anayekula adui yako na kuzaa taratibu, ukimmaliza hutampata tena upesi. Adui yako mwenyewe, anayezaa kumi kwa siku 23, atarudi kabla hujamaliza kunawa mikono.

Sasa panya nifanye nini?

Sikuachi hewani. Haya ndiyo tuliyokubaliana na yule kijana, na unaweza kuanza nayo wiki hii:

1. Safisha kuzunguka ghala. Fyeka nyasi, ondoa marundo ya magunzi, mabua na matofali. Panya hapendi kuvuka uwanja mtupu.
2. Usiweke magunia chini wala kuyaegemeza ukutani. Weka kichanja, acha nafasi ya kupita pande zote ili uone kinyesi mapema.
3. Ghala la miguu: funga bati lenye umbo la koni kwenye kila mguu, juu kama mita moja kutoka chini, ili panya asiweze kupanda wala kurukia.
4. Ziba matundu. Panya mdogo anapita kwenye tundu la ukubwa wa kidole gumba. Tumia saruji au wavu wa chuma. Matambara anayatafuna.
5. Tega mitego ya kawaida, mingi kwa wakati mmoja, kandokando ya kuta. Mtego mmoja ni mchezo.
6. Fuga paka na umlishe kidogo. Paka mwenye njaa kali anahama, paka aliyezoea nyumba anawinda.
7. Ikibidi kutumia sumu, nunua iliyosajiliwa na TPHPA, yenye lebo, kutoka duka lenye kibali. Iweke ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu. Kila asubuhi kagua, okota mizoga kwa glavu au mfuko, na ufukie shimo refu, mbali na chanzo cha maji. Usiitupe jalalani.
8. Mwenye bundi amwache. Asiyetaka awe ghalani, amtengenezee sanduku la mbao nje: urefu kama sentimita 60, upana na kimo sentimita 40, tundu la kuingilia sentimita 15, litundikwe kwenye mti au nguzo mita nne hivi kutoka chini, mbali na kelele. Msilihamishe sanduku wala kulifunguafungua wakati ana makinda.

Kumbuka pia kuwa wanyamapori wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009. Mnyama akikusumbua, nyani au kiboko au mwingine yeyote, toa taarifa kijijini na kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya. Usijichukulie hatua.

Walivyoishia wale bundi

Najua mtaniuliza. Ile nyama ilifukiwa na dawa ikarudishwa stoo. Tulitengeneza sanduku kwa mbao za mabaki, tukalitundika kwenye mparachichi, kama hatua sitini kutoka kwa nyumba ya bibi. Sitawadanganya: bundi hawajaingia humo bado. Mmoja anakaa kwenye boriti ile ile, na mwenzake anaonekana siku moja moja.

Bibi bado hampendi. Nilipopita wiki iliyopita aliniambia wazi kwamba akilia usiku yeye anavuta blanketi. Lakini nilimwona ameweka ufagio wa pembeni kwa ajili ya kufagia vile vidonge, na kabla hajavitupa anavipasua kwa fimbo yake aone vina nini.

"Jana alikula wawili," akaniambia.

Ghala lako lina nini? Kesho asubuhi ingia na tochi, angalia juu, kisha angalia chini. Ukikuta vidonge, loweka, hesabu mafuvu. Ukikuta kinyesi cha panya na hakuna vidonge, basi kazi yote ni yako peke yako, anza na namba moja kwenye orodha. Mwenye swali anipigie. Ila tafadhali, piga kabla hujachanganya dawa na nyama, siyo baada.

Msimu mwema.